Lasti ya Kiguu

Lori lilikuwa limekwisha kumeza nusu ya karakana kabla jua halijavuka paa la jirani. Lilikuwa limemeza meza ya kukatia ngozi, cherehani ya kukanyaga, magunia ya soli, na kabati ambalo mlango wake ulifungwa kwa kamba tangu Sindano akiwa mtoto. Kilichobaki ni ukuta.

Na ukuta huo ndio uliokuwa karakana yenyewe. Toka chini mpaka darini zilining'inia kalibu za viatu, kila jozi kwenye msumari wake: vigogo vya mti mgumu vilivyochongwa mfano wa mguu wa mtu, vyeusi kwa mafuta ya mikono. Fundi huvuta ngozi juu ya kigogo, akaipigilia misumari midogo, akaitia soli, kisha akakichomoa kigogo, na kiatu kikabaki na umbo la mguu wa mwenyewe. Mafundi wengi husema kalibu. Baba yake Sindano alisema lasti, neno la Kiingereza alilopewa pamoja na nyundo na yule fundi aliyemfundisha kazi, na nyumba nzima ikalichukua bila kuuliza.

Barabara ilikuwa inapanuliwa. Mbele ya karakana watu wa manispaa walikuwa wamechora msalaba mwekundu, na mtaa mzima ulikuwa unafungasha. Familia ilikuwa inahamia mji mwingine, kule ambako mume wa Sindano, aliyeitwa Dereva na kila mtu hata na mkewe, alikuwa amepata kazi na nyumba. Chumba cha mbele cha nyumba hiyo kingekuwa karakana mpya. Lakini kilikuwa na ukuta mmoja tu usio na dirisha, tena mfupi. Lasti zote zisingeenea. Ndiyo maana zilikuwa zinachaguliwa.

Kazi ilikwenda hivi. Mzee aliketi mlangoni juu ya kigoda, uso ameuelekeza uani kama mtu anayesikiliza mvua. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Mwanga aliuona, watu aliwaona kama nguo zilizoanikwa, uzi hakuuona tena. Sindano, ambaye jina hilo alilipata kwa ukali wa ulimi kabla hajalistahili kwa mikono, alipanda ngazi, akaangua jozi, akatazama alama iliyochomwa chini ya kisigino, akamtaja mwenyewe.

"Mwalimu wa hesabu."

"Yu hai?"

"Yu hai. Sukari imemla kidole kimoja, lakini yu hai."

"Panda."

Dereva akaipokea lasti ya huyo aliyeruhusiwa kupanda lori, akaipanga sandukuni.

"Mama wa mkaa."

"Panda. Huyo atatuzika sote."

"Karani wa posta, yule mwenye mguu kama pasi."

"Amekufa?"

"Amehama, Baba."

"Kuhama siyo kufa. Sisi tunafanya nini hapa? Panda."

"Mzee, unagawa watu kama siku ya kiyama," Dereva alisema, jasho likimtiririka puani. "Mimi umeniweka upande gani?"

"Wewe sina lasti yako. Mwaka mzima ni ndara tu. Hata motoni watakutafuta wakukose."

Mama, aliyekuwa uani akichemsha chai kwenye jiko la mwisho lililobaki bila kufungwa, alicheka kwa sauti. Hakuwa amecheka tangu msalaba ule mwekundu uchorwe.

Maana kweli kulikuwa na upande wa pili, na ulikuwa ni moto. Desturi hiyo ilikuwa ya karakana ile peke yake. Habari ikifika kwamba mteja amefariki, siku hiyohiyo lasti zake ziliteremshwa zikaingia jikoni. Moto wake ulichemsha gundi, na gundi hiyo ilitiwa kwenye kiatu chochote kilichokuwa mezani. "Lasti kwa Kiingereza ni mwisho," mzee aliwaambia waliouliza. "Ndivyo alivyonifundisha mwenye kazi. Mtu akifika mwisho, na lasti yake ifike." Wajane wengine walikuja kusimama kando ya jiko. Walitazama tu mpaka sufuria ikachemka, wakaenda zao. Kwa hiyo katika nyumba ile, kumwambia mtu "moto" ilikuwa ni kumzika.

Sindano alipanda ngazi mpaka kidato cha juu, akanyoosha mkono hadi kwenye msumari ulio chini ya dari. Aliijua jozi ile kabla ya kuigusa. Akaiteremsha, akasimama nayo katikati ya ngazi.

"Nani?" mzee akauliza.

Sindano akaifuta vumbi kwa kiganja.

"Nimeuliza nani. Au ngazi imekunyang'anya ulimi?"

"Kiguu," akasema.

Kiguu alikuwa kaka yake mkubwa. Kabla hajajua kutembea vizuri alikuwa anaokotwa kwenye malango ya watu, na mama yake akamwita kiguu na njia, na neno likakatika, likabaki Kiguu. Kazi ya viatu hakuitaka. Alisema hawezi kukaa kitako kutwa akiwatengenezea watu wengine safari. Asubuhi moja aliondoka na watu wa machimbo, miguuni ana buti mpya alizoshonewa na baba yake, na Sindano akamsindikiza hadi mwisho wa mtaa, Kiguu amembeba begani kama enzi za utoto ingawa msichana alikuwa amekwisha kuwa mkubwa, watu wakacheka. Mwanzoni salamu zilifika kwa midomo ya wasafiri. Kisha ikaja habari kwamba kule alikokuwa shimo limeporomoka na watu wamefukiwa. Majina hayakuja. Salamu nazo zikakoma.

Tangu hapo, mtu akimuuliza mzee kuhusu mwanawe, alijibu, "Huyo amekufa," kwa sauti ya mtu anayefunga duka. Lakini lasti hakuiteremsha. "Habari bila jina haiwashi jiko," alisema siku moja, na hakuna aliyethubutu kumuuliza tena. Jozi ikabaki juu, karibu na dari, mahali ambapo jicho halifiki bila kukusudia.

Sasa ukuta ulikuwa unaondoka na jibu lilikuwa linatakiwa.

"Moto," mzee akasema.

Dereva aliyekuwa amenyoosha mikono kupokea, akairudisha, akaifuta kwenye suruali.

"Baba," Sindano akasema.

"Umenisikia. Jina limekuja? Halijakuja. Yeye mwenyewe amekuja? Hajaja. Tunahama. Akija atakuta barabara. Moto."

Sindano alishuka. Yeye ndiye mwenye mikono sasa katika karakana; lasti ingetiwa motoni na yeye, na kaka yake angekufa kwa mkono wake. Akamtazama mama yake mlangoni. "Mama, sema neno."

Mama alikuwa ameshika kikombe cha chai ambacho hakuwa anampelekea mtu yeyote. "Mimi sisemi," akajibu taratibu. "Nikisema abaki, nitaanza tena kusubiri. Nikisema aende, nitakuwa nimemuua mimi niliyemzaa. Usinitwishe, mwanangu."

Aliyesema alikuwa mjomba. Huyu alikuwa kaka yake mama, mzee mwembamba aliyesahihisha maandishi kwenye duka la uchapaji mpaka macho yakachoka, na ambaye mtaa mzima ulimwita Kamusi kwa sababu alitembea na moja kwapani, kamusi ya Kiingereza iliyokatika majalada yote mawili, nyembamba mwanzoni na mwishoni kama sabuni iliyotumika. Yeye hakuwa anahama. Alikuja kuaga, akapewa kazi ya kuthibitisha nani yu hai na nani amekufa, kwa kuwa mtaani hapakuwa na msiba asioujua.

"Shemeji," akasema, "neno lako hilo la mwisho. Nimelitafuta."

"Leo ndiyo siku yake?"

"Leo ndiyo siku yake, kesho hupo. Nimekusikia miaka yote ukisema lasti ni mwisho, nikanyamaza, maana mtu na kazi yake. Sasa sikiliza." Akaketi juu ya sanduku, akafungua kamusi bila kutazama ukurasa, kama mtu anayekata mkate wake wa kila siku. "Hawa Waingereza wana maneno manne yaliyovaa shati moja. Ukiwaona kwa mbali unadhani ni mtu mmoja. La kwanza ndilo hilo lako, la mwisho. Limezaliwa na neno la kuchelewa. Aliyechelewa kuliko wote ndiye wa mwisho. La pili ni shehena, kipimo cha mizigo cha zamani, mtoto wa neno la kupakia."

"Hilo langu," Dereva akasema.

"Lako, chukua. La tatu ni kudumu. Kitu kikikaa bila kuharibika, wanalitumia hilo. La nne ndilo la hicho kigogo alichoshika mpwa wangu." Akafunga kitabu kwa kidole ndani. "Sasa, la tatu na la nne ni ndugu wa tumbo moja. Mama yao ni neno la kale sana ambalo siku hizi hata wao hawalisemi. Maana yake wayo. Alama ya mguu anayoacha mtu njiani akipita. Kigogo kikaitwa hivyo kwa sababu ni mfano wa wayo. Na kudumu kukatoka hapohapo: mtu anafuata nyayo, anafuata, haachi, hachoki, basi huyo amedumu. Lile la mwisho halina undugu nao. Ni mpangaji tu, amekuja akakuta shati limeanikwa akalivaa."

Huko nje mtu alikuwa anang'oa mabati yake kwa nyundo.

"Aliyenifundisha alisema mwisho," mzee akasema hatimaye.

"Alijua kuchonga. Kamusi hakuwa nayo."

"Kwa hiyo wote wale niliowachoma..."

"Walikuwa wamekufa, shemeji. Hukumdhuru mtu."

Mzee alipapasa goti lake kama anayetafuta kitu kilichodondoka. Kwa muda Sindano akadhani atageuza neno. Lakini alipoongea sauti ilikuwa ileile. "Hayo ni ya vitabuni, na nakushukuru. Mimi moto ninaoujua ni wa jikoni. Mtu ambaye hayupo hawezi kubebwa kwenye lori. Peleka, Sindano."

Akapeleka. Angefanya nini? Aliinamia jiko uani, mama akasogeza birika bila kumtazama, akaenda kusimama penye ua. Kabla ya kuchoma lasti kuna kazi moja inayotangulia. Mguu wa mtu hubadilika. Mfupa wa kidole gumba hutokeza, nyayo hulala, nyama huongezeka. Fundi hachongi kigogo kipya kila mara. Hukata kipande chembamba cha ngozi, akakigandisha kwenye lasti pale mguu ulipoongezeka, akakisugua kwa tupa mpaka kikalala sawa. Lasti ya mteja wa siku nyingi huwa na viraka vingi. Na ngozi ikiungua hunuka mtaa mzima, kwa hiyo vipande hubanduliwa kwanza.

Sindano akatoa kisu mfukoni, akaanza kubandua. Kipande kimoja kikatoka kwenye ubavu wa kidole gumba. Chini yake kulikuwa na kingine. Chini ya hicho, kingine.

Akasimamisha kisu.

Kiguu aliondoka akiwa kijana, mguu mwembamba, usio na kiraka hata kimoja. Aliikumbuka lasti yake ikiwa mbao tupu. Akaileta karibu na macho. Ngozi ya chini kabisa ilikuwa ya kahawia, ya zamani, imekauka kama ganda. Iliyofuata ilikuwa ya kijani, ya mikoba ya wanafunzi wa uuguzi, na Sindano aliikumbuka kazi hiyo kwa sababu ilimkata kidole, na wakati huo Kiguu alikuwa amekwisha kuondoka siku nyingi. Iliyofuata ilikuwa nyeusi. Kisha akageuza lasti ya kushoto na kuona kiraka chekundu, ngozi ya kiti cha kinyozi waliyoibadilisha mwaka jana tu. Yeye mwenyewe ndiye aliyeikata. Aliyatupa masalia chini ya meza.

Na kiraka hicho chekundu kilikuwa upande wa nje, chini ya kidole kidogo, mahali ambapo mguu wa mtu hauongezeki. Kingo zake hazikusuguliwa vizuri. Kilikuwa kimebandikwa na mikono iliyoijua kazi na macho yasiyoiona.

Sindano alikaa pale amechuchumaa mpaka magoti yakaanza kumuuma. Kisha akainuka, akarudi ndani na jozi kifuani, akasimama mbele ya kigoda.

"Baba," akasema, "huyu amenenepa lini?"

Uso wa mzee haukusogea. Mikono ndiyo iliyoshikana.

"Mguu wa mwanamume hautulii," akasema. "Akiwa kijana ni mwembamba. Akifika umri fulani unapanuka, hasa kama anabeba. Yeye anabeba. Watu wa machimbo wanabeba." Akakohoa. "Huwezi kumshonea mtu mzima kiatu kwa lasti ya kijana. Angekuja, kingembana."

Mama alikuwa amesogea mpaka mlangoni. Kikombe kilikuwa bado mkononi. "Nani angekuja?" akauliza.

Mzee akainamisha kichwa.

"Nakuuliza wewe, baba watoto. Nani angekuja? Miaka yote hii unaniambia mbele za watu kwamba amekufa. Nimelala na hilo neno, nimeamka nalo, nimejifunza kupika chakula pungufu. Na wewe huku unapanda ngazi nisipokuwepo, unampanua miguu?"

"Nilisema vile ili upumzike."

"Nimepumzika?"

"Hujapumzika," mzee akakiri. "Mdomo ulisema. Mikono ikakataa. Nikikaa peke yangu nawaza, sasa atakuwa na umri huu, sasa mguu utakuwa hivi. Nikakata kipande. Mwaka mwingine nikakata kingine. Ndiyo hivyo tu."

"Kwa nini hukunipa na mimi kipande nikushikie?" mama akasema, na sauti yake ikakatika hapo. Akaketi chini kwenye sakafu tupu, mahali meza ilipokuwa, ambapo sementi ilikuwa na rangi nyingine.

Mjomba akaivuta kofia usoni. Dereva akaenda kukagua magurudumu ambayo hayakuwa na shida.

"Mbona leo umesema moto?" Sindano akauliza.

"Kwa sababu sioni!" Ndiyo mara ya kwanza mzee kupaza sauti siku ile. "Cha mwaka jana nimekibandika kwa kupapasa. Mwaka huu sikuweza hata kupanda ngazi. Nani atamwongezea? Lasti isiyoongezewa ni ya mtu aliyekufa, na mimi nikaona bora aondoke kwa mkono wangu kuliko kusahauliwa ukutani kwa watu."

"Nitamwongezea mimi."

"Wewe una watoto, una kazi."

"Ni kaka yangu. Nitamwongezea mimi, Baba. Mama atanishikia."

Mzee akanyoosha mkono, akapewa lasti ya kushoto, akaipapasa kwa vidole gumba kuanzia kisigino. Vidole vyake vilikuwa vigumu kama kwato, na vilipofika kwenye kiraka chekundu vilipita juu yake mara mbili.

"Hiki cha mwaka jana," akauliza, "kimekaa mahali pake?"

Sindano aliangalia kile kiraka upande wa nje, kilivyokuwa kimesimama peke yake kama kidonda.

"Kimekaa vizuri, Baba."

"Basi panda," mzee akasema.

Lakini jozi haikutiwa sandukuni. Mama aliichukua ile jozi, akaifunga kwenye taulo, akapanda nayo mbele kwa Dereva, akaiweka mapajani. Mzee alipandishwa baada yake, akishikwa kiwiko na mjomba, aliyemwambia, "Shemeji, mimi nipo. Mtu akija kuuliza karakana, nitamwonyesha barabara mliyopita." Sindano akazima jiko kwa chai iliyobaki, akalipandisha la mwisho. Lori likaondoka.

Karakana ilibomolewa wiki ileile. Mzee aliishi katika mji mpya kiasi cha kuwajua majirani kwa nyayo zao, kisha akafa kwa ugonjwa wa kifua. Sindano alichoma lasti zake siku hiyohiyo, na gundi akaitia kwenye viatu vya mchukuzi wa sokoni. Dereva aliacha ndara na kushonewa buti na mkewe. Lasti yake ikapewa msumari karibu na mlango. Kila mwaka Sindano aliongeza kipande kwenye jozi ya Kiguu, kwa upande wa ndani, na mama akamshikia taa.

Duka la uchapaji lilipofungwa, mjomba alihamia kibarazani kwa kinyozi. Huko ndiko alikokutwa na mtu aliyekuwa akiulizia fundi viatu aliyekuwa mtaa ule zamani, mkononi ana mfuko wa turubai. Mjomba akamwelekeza. Yeye mwenyewe alifariki mwaka uliofuata, kamusi akamwachia Sindano, ambaye huitumia kukandamizia soli mpaka zikauke.

Mtu mwenye mfuko akafika kwa Sindano, akasema alikuwa amefanya kazi na Kiguu kwenye machimbo mengine, mbali na lile shimo lililoporomoka. Kiguu hakuwemo shimoni. Alizunguka, hakuoa, akafa kwa homa mwaka mmoja baada ya baba yake. Kwa nini hakutuma salamu, huyo mtu hakujua. Mfukoni mlikuwa na buti zake, za dukani, zimechakaa hadi zimechukua umbo la mguu.

Sindano aliangua lasti. Ya kulia iliingia kwenye buti mpaka kisigino. Ya kushoto ilikwama upande wa nje. Akabandua kiraka chekundu kwa kisu, akajaribu tena, nayo ikaingia, ikajaa.

Mama aliangalia mpaka mwisho. "Sasa chemsha gundi," akasema.

Sindano alibandua vipande vyote, akawasha jiko. Gundi ile ilitiwa kwenye viatu vya msichana mmoja wa shule, vyeusi, vya kufunga kamba. Mama wa msichana huyo alikuja kuvichukua jioni.